Hukumu Haijazi Dawa kwenye Rafu

Ndugu zangu wa Mitundu,

Nasikia huko Tanzania mazungumzo ya bima ya afya kwa wote yamepamba moto, na wapo wanaosema kwamba kwa kuwa sheria imekwishapita, ubishi umekwisha. Huku Marekani niliko, sheria ya namna hiyo ilipitishwa na bunge, ikasainiwa na Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010, ikashtakiwa, na tarehe 28 Juni 2012 ikashinda katika Mahakama ya Juu kwa kura tano dhidi ya nne. Naandika juu ya yaliyofuata baada ya ushindi huo, kwa sababu naamini yanatuhusu kuliko hukumu yenyewe.

Majimbo 26 pamoja na chama cha wafanyabiashara wadogo yalikuwa yameshtaki. Hoja yao ilieleweka hata kwa asiyesoma sheria: serikali haina mamlaka ya kumlazimisha raia anunue kitu, na mmoja wa majaji, Antonin Scalia, aliuliza wakati wa kusikiliza kesi kama basi serikali inaweza pia kulazimisha watu wanunue mboga. Jaji Mkuu John Roberts alikubali nusu ya hoja hiyo. Alisema ni kweli kwamba kwa mamlaka ya kusimamia biashara serikali haiwezi kumlazimisha mtu kukata bima. Lakini adhabu anayotozwa asiyekata ni kodi, na kutoza kodi Bunge linaruhusiwa. Hapo hapo mahakama ikaondoa meno ya kipengele kingine: serikali kuu haikuruhusiwa kuyanyima majimbo fedha zao za awali za Medicaid, mpango wa matibabu wa watu wa kipato cha chini, eti kwa sababu yamekataa kuupanua. Uamuzi ulikuwa na pande nyingi kiasi kwamba vituo vikubwa vya televisheni vilitangaza kwa haraka kwamba sheria imeanguka, kisha vikajisahihisha.

Mtu angetarajia hasira zipoe. Hazikupoa. Waliompenda Roberts jana yake walimwita msaliti, na waliomshuku wakamwita mlinzi wa mahakama. Mgombea urais Mitt Romney aliapa kuifuta sheria akishinda, na haikupita nusu mwezi, Baraza la Wawakilishi likapiga kura ya kuifuta, ingawa Seneti haikukubali. Katika kura za maoni nchi ilibaki imegawanyika karibu nusu kwa nusu, vilevile kama kabla ya hukumu. Mambo yakawa mabaya zaidi Oktoba 2013, tovuti ya kujiandikishia ilipofunguliwa na kukwama siku ya kwanza. Majaji walikuwa wamejibu kama sheria inaruhusiwa. Wananchi walikuwa wakiuliza jambo jingine: nikitoa hela yangu, nitapata nini?

Jibu lilikuja polepole, kwa njia ya matibabu. Mwenye kisukari alipata bima bila kufukuzwa kwa sababu ya ugonjwa wake. Kijana akabaki kwenye bima ya wazazi mpaka anatimiza miaka 26. Ndipo mwaka 2017 sheria ilipokaribia kufutwa kweli, na safari hii katika kura za maoni walioiunga mkono wakawazidi walioipinga. Ushahidi mzito kuliko wote naupata kwenye majimbo. Maine, Idaho, Nebraska, Utah na South Dakota yote yalikuwa miongoni mwa yale 26 yaliyokwenda mahakamani. Kati ya mwaka 2017 na 2022, wananchi wa majimbo hayo hayo waliletewa swali la kupanua Medicaid kwenye sanduku la kura, na katika kila moja walisema ndiyo. Idaho, ambako siasa za upinzani dhidi ya sheria hiyo zilikuwa kali, kura za ndiyo zilipita asilimia 60. Hakuna hukumu iliyowashawishi. Walikuwa wameona majirani zao wakitibiwa.

Kenya nao wamepita njia inayofanana. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023 inakiuka Katiba. Septemba Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba mamlaka mpya, SHA, ikaanza kazi. Mlango wa mahakama ulikuwa umefunguka, lakini malalamiko yaliyosikika baadaye yalihusu mtandao kukwama na wagonjwa kudaiwa fedha taslimu hospitalini.

Sasa kwetu. Muswada wa kwanza wa Bima ya Afya kwa Wote, wa mwaka 2022, ulizua hofu kwa shilingi 340,000 zilizotajwa kwa kaya ya watu sita, na kwa kuifungamanisha bima na vitu kama leseni ya udereva. Uliahirishwa, ukarekebishwa, na Bunge likapitisha sheria Novemba 2023. Mimi naiunga mkono. Lakini nasema lazima ya kujiunga isitangulie dawa. Tunao ushahidi wa jirani kabisa: mfuko wa afya ya jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, kisha ukasambaa nchini, na ulipoboreshwa kaya ya watu sita ikawa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Bei hiyo haikuwa kikwazo kikubwa kwa kaya nyingi zenye kuuza alizeti au asali. Bado wengi walikata kadi mara moja wasirudie, na sababu waliyoitaja tena na tena ni ile ya dirishani: dawa hakuna, nenda kanunue nje.

Atakayenipinga ana hoja nzito, na siipuuzi. Bila kulazimisha, atasema, watakaokata bima ni wagonjwa tu, na mfuko utakauka. Huku wataalamu waliogopa jambo hilo hilo. Lakini Bunge la Marekani liliifanya adhabu ya kutokuwa na bima kuwa sifuri kuanzia mwaka 2019, na soko la bima halikuanguka. Kufikia 2024 waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 20. Kilichowabakiza ni ruzuku iliyopunguza bei, pamoja na dirisha la kujiandikisha linalofunguliwa kwa kipindi maalumu cha mwaka, hivyo mtu hangoji mpaka augue. Hili la dirisha halihitaji utajiri wa Marekani. Mitundu lingefunguliwa baada ya mavuno, hela ikiwa mkononi, na si Januari, wakati kaya inawaza mbegu na ada za shule. Ruzuku, kweli, inahitaji fedha, na asiye na uwezo lazima alipiwe kwa kodi. Bila hilo, neno "kwa wote" halina maana.

Wengine watasema dawa haziwezi kutangulia michango, kwani michango ndiyo inayonunua dawa. Nakubali kwamba michango husaidia. Ila mwananchi amekwishatangulia mara moja na CHF, akarudishwa mikono mitupu. Zamu hii anayepaswa kutangulia ni serikali: ijaze rafu kwa fedha zake kwanza, kisha kila robo mwaka kamati ya kituo ibandike ukutani kiasi kilichoingia, dawa zilizonunuliwa na zilizokosekana. Watakapokuja kuwaandikisha, msiwafukuze, na msitoe hela kabla hawajajibu mbele ya mkutano wa kijiji: dawa zipi zimo kwenye kifurushi, mgonjwa akipewa rufaa kwenda hospitali ya St. Gaspar pale Itigi, je, kadi itapokelewa, na nauli ya kumfikisha ni juu ya nani? Mtendaji ayaandike majibu hayo kwenye muhtasari, na yasomwe tena mwaka utakapofika wa kulipia upya.

Wenu, wa ughaibuni.