Mafuta ya Akiba

Wanawali watano wa Injili walichukua mafuta ya akiba. Nasi vijana wa Butembo na Beni, ambao wengi wetu hulipia kuchaji simu, twapaswa kujua chaji inakwenda wapi kabla ya kuilaumu betri. Tufungue mipangilio, sehemu ya betri, tuone programu ipi inakula zaidi. Mara nyingi ni mwanga mkali wa kioo, au video zinazojicheza zenyewe. Lakini mashambani, ambako mtandao ni hafifu, simu huchoka bila kuguswa: huongeza nguvu ikiutafuta mnara. Huko tuchague 2G pekee. Sauti na ujumbe mfupi hupita. Pasipo na mtandao kabisa, tuiweke katika hali ya ndege mpaka tufike kilimani. (Betri iliyovimba haina dawa; ibadilishwe, yaweza kuwaka.)

Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, Oktoba 2014, mama anayempigia mwanawe aliye shambani na kukuta simu imezimika hapati usingizi. Kwa ajili yake twaomba video zingoje jioni, na asilimia 20 za mwisho zisiguswe hadi wote wawe wamerudi.