Ngano ya Gezira na Joto la Machi

Kusini mwa Khartoum, kati ya Naili ya Buluu na Naili Nyeupe, imelala nchi tambarare ya udongo mweusi iitwayo Gezira, yaani kisiwa kwa Kiarabu. Msafiri apitaye mwezi wa Januari huona ngano ya kijani hadi upeo wa macho. Maji yake hutoka bwawa la Sennar, lililokamilika mwaka 1925, nayo hushuka mferejini yenyewe bila pampu. Waingereza walilijenga kwa ajili ya pamba. Ngano ilifuata baadaye.

Ngano ni mmea wa nchi za baridi, na baridi ya Gezira ni ya miezi michache tu. Hupandwa Novemba na kuvunwa Machi. Joto kali likiikuta inachanua, chavua hufa na suke hubaki na mapengo. Likija baadaye, punje huwapo lakini haijai: majani hukauka mapema, na kazi ya kugeuza sukari kuwa wanga, iendayo vyema penye digrii 20 hivi, hulegea joto lipitapo 30. Huvunwa punje zilizosinyaa, pumba nyingi na unga kidogo. Machoni pa mpita njia shamba hilo limeiva vizuri. Mizani ndiyo itoayo siri.

Kwa hiyo jambo kubwa ni siku ya kupanda. Mfereji ukiziba tope, au trekta likikosa dizeli, majuma matatu hupotea na punje hujaa katika jua la Machi. Si haki kumwita mkulima huyo mvivu. Watafiti wa Wad Medani wamechagua mbegu zivumiliazo joto, na maji ya kutosha husaidia, maana jani litoalo mvuke hujipoza kama mtungi wa udongo.

Mkate nchini humo si jambo dogo. Desemba 2018, bei yake ilipopanda mara tatu, wananchi wa Atbara waliingia barabarani. Aprili 2019 Rais Omar al-Bashir akaondolewa. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vilifika Wad Medani Desemba mwaka huo, na jeshi liliurudisha mji Januari 2025. Wakulima wengi walikuwa wamekimbia, na mifereji ikakaa bila kuzibuliwa.

Vijijini akina mama hawajaacha kisra, mkate mwembamba wa mtama, nafaka iliyozoea jua. Watoto wa mjini ndio waliao mkate wa ngano.