Kahawa ya Kubadili Zamu

Miaka ya 1980, ukishuka Shimanzi, Mombasa, alfajiri harufu ya petroli ilikulaki kabla hujayaona matangi, na malori yalikuwa yamepanga foleni tangu usiku, matanboi wamelalia magunia chini ya chesisi, muuza mahamri akipita na beseni kichwani. Lango likifunguliwa, tanboi alikwea mgongoni mwa lori kwa kandambili, akafungua kifuniko na kuchungulia mafuta yanavyopanda huku mvuke ukimchoma macho, na nyapara aliyesimama chini alijua kwa kusikiliza mlio tu kwamba limekaribia kujaa. Ulikuwa ustadi kweli.

Sasa lori hujazwa kwa chini. Hakuna anayekwea. Waya wa ardhi usipounganishwa, pampu haifanyi kazi.

Kanuni zilikuwepo hata wakati ule. Mkaguzi akija, kofia ngumu zilitolewa stoo, zikavaliwa asubuhi moja, zikarudishwa, na cheti kikatundikwa ukutani. Kilichotulinda hasa ni kahawa. Zamu ikibadilika, wanaotoka na wanaoingia waliketi kwenye benchi moja, dele la kahawa chungu likizunguka, na kila mtu alisema alichokiona: pampu inayotetemeka, bomba linalotoa jasho. Hata ile valvu iliyomuunguza kijana wa zamu ya usiku mikono na uso, habari zake zilikuwa zimefika benchini tangu jioni. Ila hakuna aliyethubutu kumwambia nyapara kazi isimame.

Kwingine zamu zilibadilishana bila kuambiana la muhimu. Mwaka 1988, kwenye mtambo wa mafuta wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja iliondolewa valvu yake ya usalama mchana. Kibali kiliandikwa. Habari haikuwafikia wa usiku, wakaiwasha, mtambo ukalipuka, na watu 167 wakafa. Ripoti ya Jaji Cullen ya mwaka 1990 ilitaka mwenye mtambo azitafute hatari zake mwenyewe na aonyeshe anavyozidhibiti, asingoje orodha ya mkaguzi. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2007 inayomtaka mfanyakazi aripoti hatari aionayo.

Juzi nilimwona binti wa mafunzo, umri wa mjukuu wangu, akiinua mkono kwa sababu mpira wa kujazia ulikuwa unadondosha mafuta. Upakiaji ukasimama. Madereva walinung'unika, msimamizi alimshukuru mbele ya watu. Zamani zetu angeambiwa arudi kwao, na nilifurahi mno kumwona amesimama pale bila woga.

Lakini benchi halipo. Wa usiku hugusa mashine ya mahudhurio kwa kidole na kutoka lango hili, wa mchana wakiingia lile, na kati yao iko fomu yenye sahihi. Nilimuuliza msimamizi kwa nini hawakutani. Akasema ratiba haina nafasi. Nikamwambia robo saa inatosha, bora anayetoka awe hajavua ovaroli, akaonyeshe kwa mkono pampu gani ilimsumbua usiku.