Mwalimu Aliye Nje ya Mstari



Katika lugha ya mpira wa miguu hapa nchini limo neno moja ambalo twalisikia kila siku na kulipita bila kulitafakari. Mtu anayeinoa timu, ambaye magazeti humwita kocha, wachezaji wenyewe humwita mwalimu. Utasikia baada ya mechi kijana akiulizwa kwa nini hakuanza kucheza, naye akajibu: “Hiyo ni kazi ya mwalimu.” Neno hilo lina uzito wake. Juma hili twapenda kulipima kwa kumkumbuka mtu wa Korogwe, marehemu Joel Nkaya Bendera.

Vijana wengi wakilisikia jina hilo humkumbuka kiongozi wa serikali. Alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini kuanzia 2005 hadi 2010, na katika kipindi hicho akawa Naibu Waziri aliyeshughulikia habari, utamaduni na michezo. Baadaye alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, kisha wa Manyara. Lakini baba zao na babu zao humkumbuka kwa jambo lililotangulia hayo yote: ndiye mwalimu aliyeiongoza Taifa Stars kufuzu, kwa mara ya kwanza katika historia yetu, kushiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Ili tuuelewe uzito wa jambo hilo hatuna budi kuukumbuka mwaka wenyewe. Ulikuwa 1979. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza mwishoni mwa 1978, na Kampala ilikombolewa Aprili 1979. Nchi ilikuwa imetumia nguvu nyingi na fedha nyingi. Sabuni, sukari na nguo vilianza kuwa vitu vya kupangiwa foleni. Katika mwaka huo huo vijana wetu walipangiwa kucheza na Zambia, jirani mwenye timu iliyoogopwa. Dar es Salaam tulishinda bao 1 kwa 0. Marudiano yakafanyika Ndola mwezi Agosti. Zambia walitangulia kufunga, na kama mambo yangebaki hivyo ushindi wa Dar es Salaam ungekuwa umefutwa. Ndipo, mchezo ukielekea ukingoni, Peter Tino akasawazisha. Bao 1 kwa 1, na njia ya kwenda Nigeria ikafunguka.

Fainali zenyewe zilifanyika Machi 1980, nazo zilikuwa na timu 8 tu za bara zima. Huko Lagos, ambako Bendera alifanya kazi pamoja na Mpolandi Slawomir Wolk, tulifungwa na wenyeji Nigeria mabao 3 kwa 1, tukafungwa na Misri mabao 2 kwa 1, tukatoka sare ya bao 1 kwa 1 na Côte d’Ivoire. Tulirudi nyumbani na pointi moja, na Nigeria ndiyo iliyotwaa kombe. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Timu iliyotoka katika nchi yenye uchovu wa vita ilifunga bao katika kila mechi mbele ya vigogo wa Afrika. Hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa, wapendwa, tujiulize: ukimwuliza mpenzi wa mpira aeleze habari za Ndola, atataja jina gani kwanza? Atamtaja Peter Tino, na ni haki yake, kwa maana mguu uliofunga ulikuwa wa Tino. Mwalimu hakugusa mpira hata mara moja. Alikuwa nje ya mstari wa chaki, akitazama kama wengine wote, akiwa hana njia ya kuingia kusaidia. Kazi yake ilikuwa imekwisha kabla refa hajapuliza filimbi. Ilikuwa imefanyika asubuhi nyingi za mazoezi ambazo hakuna mtangazaji wa redio aliyezitangaza. Hii ndiyo hali ya mwalimu: afanikiwapo, sifa huenda kwa mwingine, ashindwapo, lawama humrudia yeye.

Ni kwa sababu hiyo safari ya kutoka uchezaji hadi ualimu ni ngumu kuliko tunavyodhani. Mchezaji huishi kwa miguu yake mwenyewe. Akigeuka mwalimu hulazimika kukubali kwamba miguu yake haihesabiwi tena, na kwamba yote anayoyajua hayana faida mpaka yahamie kwa mwingine. Wapo waliovuka vizuri. Mlinda mlango wa Lagos, Juma Pondamali, alikuja kuwa mwalimu wa makipa. Beki wa kikosi kile, Leodegar Tenga, aliiongoza TFF akiwa Rais wake kuanzia 2004 hadi 2013. Na katika mkoa wetu wa Tanga tunaye Juma Mgunda, aliyeichezea Coastal Union kisha akaifundisha. Mwaka 2022 aliifikisha timu hiyo fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ikatoka sare ya mabao 3 kwa 3 na Yanga na kushindwa kwa mikwaju ya penalti. Septemba mwaka huo huo Simba wakamwita kuziba pengo, naye akawafikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Twarudi kwa Bendera, kwa sababu habari yake ina upande mwingine ulio mzito. Baada ya 1980 Taifa Stars haikufuzu tena fainali hizo kwa miaka mingi. Watoto walizaliwa, wakaoa na kuolewa, wakazaa watoto wao, na bado hatukurudi. Tulifuzu tena Machi 2019, tulipoifunga Uganda mabao 3 kwa 0 Dar es Salaam: miaka 39 baina ya fainali moja na nyingine. Mwalimu wakati huo alikuwa Emmanuel Amunike, Mnigeria ambaye mwaka 1994 alikuwa mchezaji bora wa Afrika. Bendera hakuiona siku hiyo. Alistaafu ukuu wa mkoa Oktoba 2017, na tarehe 6 Desemba 2017 akafariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili. Kwa zaidi ya miaka 37 ya uhai wake aliishi akitambulishwa kuwa mwalimu wa timu iliyofika Lagos, na kila mwaka sifa hiyo ilizidi kuwa swali kwetu sote: mbona yuko peke yake?

Wengi hujibu kwamba tulikosa vipaji. Sisi hatukubali. Anayepita jioni katika barabara ya lami ya kilomita 65 iendayo Handeni kutoka Korogwe ataviona vipaji pande zote mbili za njia: watoto wakicheza chandimu kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za katani, bila viatu, bila nyavu, lakini wakipiga pasi ambazo mtu mzima angezionea fahari. Tulichokosa ni walimu wa kutosha wa kuvipokea vipaji hivyo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mashindano ya michezo mashuleni yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, na kizazi kizima cha wanafunzi kikamaliza shule bila ya mtu wa kuwaelekeza. Shamba lilikuwepo, mvua ilikuwepo, mkulima hakuwepo.

Ushahidi kwamba mwalimu aliyezaliwa hapa aweza kufanya kazi hiyo tumeupata upya. Katika fainali zilizochezwa Côte d’Ivoire Januari 2024, timu ilikabidhiwa katikati ya mashindano kwa Hemed Suleiman, ajulikanaye kama Morocco, akisaidiwa na Juma Mgunda wetu. Tukatoka sare na Zambia bao 1 kwa 1, matokeo yale yale ya Ndola, kisha sare tasa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Novemba 2024 Hemed Suleiman akaifuzisha tena timu, tulipoifunga Guinea bao 1 kwa 0. Na katika fainali hizo nchini Morocco, zilizomalizika Januari 2026 na ambako timu iliongozwa na Miguel Gamondi, Tanzania ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Alama ya mwaka 1980 sasa imepitwa. Tunaamini Bendera angefurahi kuliko wote, maana mwalimu wa kweli hutamani kupitwa.

Kwa nini tunayaandika haya? Kwa sababu hivi karibuni vijana wa kigango kimoja cha upande wa Handeni walitujia wakiomba msaada. Walikuwa wanajiandaa kwa mashindano ya kugombea mbuzi, nao walikuwa na orodha iliyoandikwa vizuri: mipira 2, jezi 16, nyavu, na nauli. Tuliisoma orodha yote, kisha tukawauliza: “Mwalimu wenu ni nani?” Wakatazamana. Mmoja akajibu kwa adabu: “Hatuna, Baba. Anayejua zaidi siku hiyo ndiye anayetupanga.” Walikuwa wamefikiria kila kitu ila mtu.

Siku chache baadaye tulikuwa Korogwe, tukamkuta mzee mmoja tunayemfahamu, aliyekuwa beki wa timu ya shamba la mkonge enzi za ujana wake. Magoti yake hayamruhusu tena kukimbia. Kila jioni huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya kiwanja, na watoto wapatao 20 hucheza mbele yake. Hapigi kelele. Humwita mtoto mmoja mmoja, humwambia neno, humrudisha kiwanjani. Tulimwuliza hulipwa nini. Akacheka: “Mimi nililipwa zamani, Baba. Nilifundishwa bure.”

Jibu hilo limekaa nasi. Yule mzee hana kombe kabatini, wala hakuna gazeti litakaloandika habari zake. Lakini amekwisha kuelewa jambo ambalo vijana wetu wa orodha ile bado hawajaliona: jezi huchakaa kwa msimu mmoja, na mpira hupasuka kwa mwiba mmoja, bali mtu aliyefundishwa hufundisha wengine. Tukiwa na fedha kidogo, tuanze na kile kinachozaa.

Kwa hiyo Kamati ya Vijana ya parokia, baada ya majadiliano marefu na yenye joto kiasi, imekubaliana nasi kwamba mchango wa michezo wa mwaka huu ugawanywe. Nusu itanunua mipira na nyavu. Nusu nyingine itawagharamia vijana wawili, mmoja wa upande wa Handeni na mmoja wa upande wa Korogwe, kuhudhuria mafunzo ya awali ya ualimu wa mpira, na tumesisitiza kwamba mmoja wao awe msichana. Jezi zitasubiri. Tunajua wapo waliosikitika, maana jezi huonekana siku ile ile na mwalimu huonekana baada ya miaka. Twawaomba wavumilie.

Twawaomba pia ninyi mliocheza zamani, mlio na magoti mabovu na kumbukumbu nzuri, msibaki majumbani mkisimulia tu jinsi mpira wa siku zile ulivyokuwa bora. Kiwanja kiko karibu na ndoo hazikosekani. Nendeni mkaketi kando ya mstari. Mwiteni mtoto mmoja, mwambieni neno moja.

Na mwanetu atakapofunga bao siku moja, watu watalitaja jina lake, nalo lenu halitatajwa. Iwe hivyo. Korogwe imekwisha kutuonyesha kwamba mtu aweza kulifikisha taifa zima Lagos pasipo kuugusa mpira.