Mbegu za Kwaresima ya 1984

Kwaresima ya mwaka 1984 ilitukuta tumeshafunga. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 7 Machi, masika yanaanza kupiga milima ya Uluguru, na kila mtoto wa mkulima anajua maana yake: mahindi ya zamani yamekwisha, mapya ndiyo kwanza yanaingia ardhini. Juu ya njaa hiyo ya kila mwaka kulikuwa na uhaba wa kila kitu. Baada ya Vita vya Kagera Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki palepale. Sabuni ilikuwa ya bahati, sukari ya foleni, na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ukifika duka la kijiji tulimshukuru Mungu.

Padre akasimama mbele ya watu hao akawahimiza kufunga. Hakuna aliyeona ajabu. Jumapili ya pili tulisomewa jinsi Abrahamu alivyoambiwa aondoke kwao kwenda nchi asiyoijua. Ya tatu, Waisraeli wenye kiu wakimnung'unikia Musa mpaka maji yakatoka mwambani. Katekista aliyasoma kama mtu anayetoa habari za kijiji cha jirani, nasi tulimsikiliza hivyo hivyo.

Nyumbani, bibi alikuwa ametundika mahindi ya mbegu juu ya meko. Moshi ulikuwa umeyafanya meusi, hata bungua hakuyasogelea. Jioni tulikula matembele yasiyo na mafuta pamoja na kipande cha gimbi, macho yetu yakiwa huko juu. Hakuna aliyethubutu kuomba. Siku moja akaingia jirani, mama mwenye watoto wadogo, ambao walikuwa wameshazila mbegu zao. Hakueleza mengi. Bibi alisimama, akayashusha mahindi, akamhesabia nusu. Mimi nikaangua kilio. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mvua hii hainyeshi kwetu peke yetu," akaondoka na jembe lake.

Tarehe 8 Aprili, Jumapili ya tano, tulisomewa kufufuliwa kwa Lazaro. Alhamisi iliyofuata Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine akafariki kwa ajali ya gari akitoka Dodoma, huko huko mkoani kwetu Morogoro. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetangaza redioni. Wazee wengi walikuwa wameweka matumaini yao kwa mtu yule, kwamba ndiye angeimaliza dhiki. Kesho yake, kwenye Njia ya Msalaba, kituo cha 12, Yesu anapokufa msalabani, kilikwama: mwimbishaji alishindwa kuanza wimbo, na hakuna aliyempokea. Padre hakujaribu kueleza kwa nini Mungu ameruhusu. Alituacha tumepiga magoti muda mrefu, kisha akatukumbusha kuleta matawi Jumapili. Tukayaleta.

Mavuno hayakuwa makubwa. Lakini yalikuwapo, shambani kwetu na kwa yule mama.

Sasa naishi Dar es Salaam, na Kwaresima inanikuta na friji iliyojaa. Kufunga ni kwa kuchagua: huyu ameacha nyama, yule bia, mwingine simu. Si vibaya, na sitamani njaa ile imrudie mtoto yeyote. Kinachoniuma ni kwamba ahadi za Mungu tumezigawana, kila mtu na yake. Tunaomba kazi yangu, kiwanja changu, visa ya mwanangu, na iwe kabla ya mwisho wa mwezi. Ikichelewa, tunahama kanisa.

Mwaka jana mwenzetu mmoja wa jumuiya aliachishwa kazi. Kundi letu la WhatsApp lilijaa mistari ya Biblia siku nzima, na kila mstari ulikuwa wa kweli. Kodi ya chumba chake ikafika, akashindwa, akahama mtaa. Tulipopata habari alikuwa ameshaondoka na watoto.

Kwaresima hii nimeomba jumuiya yetu, kila Ijumaa kabla ya kituo cha kwanza, tuulizane nani hajalipa kodi na nani amelala bila kula. Wapo waliokubali papo hapo. Wengine wanasema hayo ni ya ndani ya mtu, hayasemwi mbele za watu. Tumelijadili jambo hili mara mbili na bado hatujakubaliana. Ijumaa hii nitalirudia.