Kasha na Kijikasha

Waingereza wana jina la kabati lenye nguo chache zinazooana zote kwa zote, ambazo mwenyewe huzivaa kwa zamu bila ya kuhitaji nyingine. Jina hilo limetokana na capsula ya Kilatini, yaani kijisanduku, ambayo nayo ni mtoto wa capsa, sanduku. Capsa hiyo ndiyo iliyowazalia Wareno caixa, na kwa Wareno sisi watu wa pwani tukapata kasha. Sikuyajua haya shuleni, maana shule niliiacha mapema. Niliyaokota kamusini, nilipoombwa kufasiri maandishi mafupi juu ya uvaaji huo. Wako ambao wangeandika "kabati la kidonge", kwa kulifuata neno la hospitali. Mimi niliandika kijikasha, na tangu siku ile jambo lenyewe halijanitoka moyoni.

Fikra yenyewe si ya jana. Susie Faux, aliyekuwa na duka la nguo London, aliieneza katika miaka ya 1970. Mwaka 1985 Donna Karan wa New York akatoa mkusanyo uliojengwa juu ya mavazi saba tu, ya kumtosha mwanamke kazini mchana na karamuni usiku. Siku hizi wapo wanaojiwekea idadi: vitu 33 kwa miezi 3, viatu na vipuli vikiwamo. Kanuni ni nyepesi. Bakisha rangi tulivu, na kisichovaliwa mwaka mzima kitoke.

Ningeliyasoma haya kama nisomavyo mapishi ya nchi za theluji, lau si nyumba. Nyumba ya marehemu mama imeuzwa mwaka huu ili warithi wagawane, nami nahamia chumba kimoja. Kitanda kitaingia, meza ya kuandikia itaingia, vitabu vitapangwa mpaka darini. Kabati langu na kasha la mama, lile la njumu lenye droo tatu chini, havitaingia vyote viwili. Basi swali la wanawake wa London limekuwa langu: je, uchache huu unanifaa mimi, kwa nivaavyo mimi?

Kwa upande wa kabati, unanifaa sana. Aliyezoea kutunga tarbia, mishororo minne ya mizani 16, hatishwi na kipimo. Neno lililokosa nafasi katika ubeti aghalabu halikuwa na kazi. Nikitoka huvaa buibui, na chini yake gauni la pamba la mikono mirefu. Magauni manne yananitosha, maana jua letu hukausha nguo kabla ya adhuhuri. Yaliyojaza kabati si hayo. Ni sare. Harusi moja, sare moja: kitambaa kimoja kwa ukoo mzima, mshono mmoja, kuvaliwa usiku mmoja. Nilihesabu magauni 14 ya namna hiyo, mengine bado yana pini za fundi. Nasema bila ya kumuonea mtu haya: sare inawatia madeni wanawake wasio na kitu, na lau kijikasha kingetuondolea sare peke yake, kingelikuwa kimetufaa vya kutosha.

Kasha ni jambo jingine. Ndani mna doti 31 za kanga, nyingi za mama. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa chini ya mji, na hilo jina ndilo linaloiharibu kanuni ya mwaka mmoja. Gauni lililokaa mwaka bila ya kuvaliwa huenda limekwisha kazi yake. Kanga iliyokaa mwaka huenda inamsubiri wa kuambiwa. Mama alinunua doti moja katika maduka ya Mchangani, maneno yake ya kuombana radhi, akaikalia miaka sita. Akaivaa siku moja, kwenda kumtazama mgonjwa ambaye walikuwa hawasemezani. Hakuutaja ugomvi wao kwa kinywa. Mgonjwa alisoma, kisha akaomba asogezewe mto apate kukaa. Kwa hesabu ya kijikasha, doti ile ingelitolewa nyumbani mwaka wa pili.

Tena kanga ndiyo impokeayo mtoto mchanga, na ndiyo imstiriyo mwanamke anapooshwa mara ya mwisho. Sijui ni safu gani ya orodha ya vitu 33 ambamo siku hizo mbili huandikwa.

Na uchache una historia yake visiwani humu. Katika karne ya 19 mjakazi alijifunga kaniki, au merikani, kitambaa kilicholetwa na merikebu za Salem, Massachusetts. Na kichwa chake kilikuwa wazi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa waliitupa kaniki wakanunua kanga, za rangi na za maua, kadiri mkono ulivyofika. Mwanamke wa New York anayebakisha mavazi saba amechagua. Bibi zetu wale hawakuwa wamechagua. Tazama pia rangi tulivu zinazosifiwa leo: weusi wa kaniki, na weupe usiopaushwa wa merikani. (Nazo nguo zinazotolewa makabatini huko, nyingi hutufikia sisi katika marobota ya mitumba, nasi tukajaza ya kwetu.)

Nimekata shauri. Kabati nimempa fundi wa jirani, na sare zote 14 pamoja nalo, azifumue awashonee watoto nguo za sikukuu. Magauni manne na mabuibui mawili yananing'inia kwenye misumari nyuma ya mlango. Kasha liliingia juzi, baada ya mlango huo kung'olewa bawaba, nalo limekula nafasi ya kiti cha mgeni. Ajaye hukaa kitandani.

Doti 31 zote zimo. Ile ya mama nimeiweka juu kabisa. Yuko ndugu yangu mmoja ambaye hajanisemesha tangu siku ya kugawana, naye bado anasoma vizuri bila ya miwani. Idi iko karibu. Sijaamua kama nitaivaa Idi hii, au nitangoja ile ya pili.