Kiwavi Ndani ya Simu

Nilipokuwa mkuu wa shule nilikuwa adui wa simu, tena si kwa maneno tu. Asubuhi moja ya mwaka 2009, mbele ya wanafunzi wote waliojipanga mistarini, niliweka simu ya kijana wa kidato cha tatu juu ya jiwe nikaivunja kwa nyundo. Sheria ilikataza simu shuleni, nami niliamini kabisa kwamba kidude kile kinawapofusha watoto. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyefuatwa na mjukuu wake, masika yaliyopita, akaulizwa juu ya upigaji picha.

Mjukuu huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri kuchaguliwa. Yeye na wenzake watano walishinda chini ya mwembe wangu na simu tatu kati yao. Alitaka kupiga picha ya ua dogo la magugu.

"Babu, mbona nikisogea karibu zaidi picha inaingia ukungu?"

Jibu nilikuwa nalo, kwani fizikia haijastaafu. Kila lenzi ina umbali ambao chini yake haioni sawasawa, na kwa simu zao ulikuwa kama sentimeta 10. Nikaingia ndani nikatoa lenzi ya mkono niliyoitumia chuo cha ualimu mwaka 1974, ile inayokuza mara 10. Tukaibandika kwa selotepu mbele ya kamera. Sasa waliweza kusogea hadi sentimeta mbili na nusu, na sufi iliyo kwenye shina la ua ikasimama kama msitu.

Basi wakanigeuza mwalimu tena. Niliwakataza kukuza picha kwa vidole, maana hapo simu haioni zaidi, inatanua tu kile ilichokwisha kuona. Niliwaambia waende alfajiri, upepo haujaamka na wadudu bado wamekakamaa kwa baridi. Viwiko viegemee magoti, pumzi ishikwe, na karatasi nyeupe ya daftari iwekwe upande wa kivuli irudishe mwanga. Gumu kwao lilikuwa kuchagua. Kwa ukaribu ule sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba mno: ukilipata jicho la panzi, miguu yake inapotea.

Chuoni mkufunzi wetu wa biolojia alitupa panzi mmoja kila mtu, tumchore kwa penseli wiki nzima. Siku ya kwanza nilimaliza kwa nusu saa nikajiona bingwa. Siku ya tatu ndipo nilipoyaona matundu ya kupumulia ubavuni mwake. Nikawapa vijana adhabu ileile: mmea mmoja kwa kila mtu, wiki nzima. Wawili hawakurudi.

Kijana mmoja alichagua mhindi shambani kwangu, nyuma ya nyumba. Majani yalikuwa na matobo, na ndani ya moyo wa mmea mlijaa kinyesi kama unga wa mbao. Nilimwambia hao ni funza wa mabua, nawafahamu tangu utoto, na dawa yao nimekwisha kuweka. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma, kama ninakagua mabweni.

Siku ya nne akaniletea simu. Kwenye kichwa cha kiwavi palikuwa na mistari myeupe iliyofanya herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, madoa manne meusi yamekaa kama pembe za mraba. Nilikaa kitako. Karatasi ya bwana shamba yenye alama hizohizo ilikuwa kwenye droo yangu: kiwavijeshi vamizi, mwenyeji wa bara la Amerika, aliyeonekana Afrika mwaka 2016 na kuingia kwetu mwaka 2017. Bwana shamba alitueleza mkutanoni, nami nilimsikiliza kama mtu asikilizavyo somo alilokwisha kufaulu.

Robo eka ilikuwa imekwisha kuliwa. Wale wanne waliobaki wakapita mstari kwa mstari kila alfajiri, wakiponda viwavi kwa vidole na kutafuta mayai yaliyofunikwa manyoya kama pamba. Mayai hayo mimi siwezi kuyaona bila lenzi; walikuwa wakinionyesha kwenye simu kabla ya kuyaponda. Tulivuna magunia matatu mahali nilipozoea saba.

Jioni moja tukipukuchua, mjukuu akaniuliza kama ni kweli niliwahi kuvunja simu ya mwanafunzi. Baba yake alikuwa amemsimulia. Nikamjibu ni kweli, na nyundo niliiazima kwa fundi wa shule.

"Ndani yake mlikuwa na nini?"

Nikamwambia sikuifungua. Wala yule kijana sikumwuliza. Akaendelea kupukuchua, nami nikaendelea.